Gitaa Lenye Tumbo

Wengi wakitazama mariachi wa Mexico huona kofia pana, tarumbeta na suruali zilizopangwa vifungo vya fedha kando ya mguu. Mimi namtafuta jamaa aliyekumbatia gitaa lililofura kama ana mtungi kifuani. Hilo ni guitarrón. Jina lenyewe kwa Kihispania ni gitaa kubwa, na ndilo besi ya kundi zima.

Nina sababu. Miaka tisa nilipiga besi kwenye bendi ya baa, hadi kiongozi wetu akanunua kinanda. Mkono wa kushoto unatosha besi, akasema, na tena wateja hata hawaisikii. Nikarudi nyumbani na gitaa langu mgongoni. Usiku usingizi ukigoma, nikawa natazama video za mariachi kwa simu, nikikodolea macho vidole vya mtu mmoja tu.

Bana, ile ni kazi. Guitarrón haihitaji umeme. Nguvu yake inatoka kwenye lile tumbo, mgongo wake ukiwa umebinuka nje, na kwenye mkono wa mpigaji. Ana nyuzi sita nene, na mara nyingi huvuta mbili kwa mpigo: noti ileile, moja chini, moja juu. Ndiyo maana hata nyuzi zimepangwa kwa ujanja. Ule wa mwisho, ambao ungetarajia uwe mwembamba wa sauti kuliko wote, unashuka chini, ukawa pacha wa juu wa ule wa kwanza. Shingoni hakuna vile vyuma vya kukuonyesha pa kubonyeza. Sikio lako ndilo linajua. Na kwa kawaida mariachi hawana ngoma, kwa hivyo mapigo yako mikononi mwake pia. Akinyamaza, violini zinabaki zinaelea.

Halafu nikasoma kitu ambacho sikukipenda. Zamani huko Jalisco, besi ya mariachi wengi ilikuwa ya kinubi. Karne ya 20 makundi yakahamia Mexico City, na guitarrón ikachukua nafasi ya kinubi katika mengi yao. Naelewa. Pale Plaza Garibaldi mteja hulipia wimbo, na wanamuziki humfuata alipo. Anaweza hata kuwapeleka chini ya dirisha la mpenzi wake. Kinubi utakizungusha vipi? Lakini nilimwaza yule mpiga kinubi akirudi kwake. Angalau Mariachi Vargas de Tecalitlán, kundi lililoanza mwishoni mwa karne ya 19, bado lina kinubi mpaka leo.

Sasa nafanya mazoezi ya kuvuta nyuzi mbilimbili kwenye besi yangu, bila kuichomeka kwa spika. Vidole vimeota sugu mpya. Juzi jirani alibisha mlango akauliza kama ni mimi napasua kuni usiku huu wote.

"Ni besi," nikamwambia.