Kufikiri kwa sauti mbele ya msaili

Swali lenyewe huwa si gumu kiasi hicho. Unapewa orodha ya vikao, kila kimoja na saa ya kuanza na ya kumalizika, unaambiwa uandike programu ya kuangalia kama kuna viwili vinavyogongana. Mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni analiweza. Kinachomtoa mtu jasho ni yule anayekutazama kutoka Berlin, ametulia na kikombe chake, akisubiri useme unachofikiri wakati wewe mwenyewe bado hujakijua.

Naandika programu Dar es Salaam, zaidi mifumo ya malipo ya simu, na nimepita kwenye saili za kampuni za nje zinazoajiri watu wa kufanyia kazi nyumbani. Hatua zinafanana: simu fupi na mtu wa ajira, mtihani wa mtandaoni wenye saa inayohesabu kurudi nyuma, kuandika programu mbele ya mtu, kubuni mfumo, kisha maongezi na bosi mtarajiwa. Wengine wanakupa kazi ya kufanyia nyumbani, wanakuambia ni ya saa tatu. Huwa si ya saa tatu.

Sisi tumesoma kwa kunyamaza. Darasani ulinyoosha mkono ukiwa na jibu. Ukiwa huna, uliinamisha kichwa mwalimu asikuone. Kwenye usaili, ukinyamaza dakika mbili msaili hana cha kuandika kwenye fomu yake. Kwa hiyo nilijizoeza kwa kumkalisha mdogo wangu pembeni. Hajui chochote kuhusu programu, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuniuliza, "Dada, mbona umenyamaza?"

Kwenye lile swali la vikao, wazo la kwanza linalokuja ni kulinganisha kila kikao na kila kingine. Zamani ningelikataa kichwani kimyakimya. Sasa nalitamka: njia hii ni sahihi lakini nzito, maana vikao 100,000 vinaleta ulinganisho wa karibu bilioni 5, ngoja kwanza nivipange kwa saa ya kuanza. Vikishapangwa, kila kikao unakilinganisha na kilichokitangulia tu, na kazi inayobaki ni ya kupanga, ambayo kwa idadi hiyo ni kama hatua milioni mbili. Halafu nauliza: kikao kinachoisha saa nne kamili na kinachoanza saa nne kamili, hivyo navyo vinagongana? Nimeona wasaili wakichangamka kwa swali hilo kuliko kwa hesabu yote iliyotangulia.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina na Microsoft walitoa matokeo ya jaribio la wanafunzi 48 wa kompyuta. Nusu walitatua swali ubaoni huku wakitazamwa na kutakiwa kueleza. Nusu waliachwa peke yao chumbani. Ufanisi wa waliotazamwa ulishuka kwa zaidi ya nusu. Wanawake wote waliotazamwa walishindwa, na wote walioachwa peke yao walifaulu. Wanawake hao walikuwa wachache, sawa, lakini nilipousoma utafiti huo nilikasirika. Kisha nikamwita tena mdogo wangu, maana usaili ulikuwa Alhamisi.

Kwenye kubuni mfumo ndiko nilikopumua. Niliambiwa nichore mfumo wa malipo. Mafunzo mengi ya maandalizi yanakutuma moja kwa moja kwenye seva na kugawanya mzigo. Mimi nilianza na mteja wa Mbagala aliyebonyeza "lipa", mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi. Amekatwa au hajakatwa? Hajui, na atabonyeza tena. Basi kila malipo yapewe namba ya kumbukumbu kabla ombi halijatoka, akibonyeza tena iende namba ileile, na kanzidata ikatae kuisajili mara ya pili. Kampuni ya simu ikileta taarifa ya muamala uleule mara mbili, na huleta, ya pili inatambuliwa na kuachwa. Usiku hesabu zetu zinalinganishwa na zao, na muamala usio na mwenzake unaangaliwa na mtu. Msaili aliacha kufuata maswali yake aliyoyaandaa, akaanza kuuliza ya kwake.

Maongezi na bosi yana ugumu wa aina nyingine. Nikisema "tulijenga", naulizwa, wewe binafsi ulifanya nini? Kwetu anayejitaja kila sentensi anaonekana ana maringo. Wakauliza pia lini nilipingana na mkuu wangu wa kazi. Nikasema ukweli: sikumpinga kikaoni, nilimfuata baadaye, "Mkuu, nina wazo kidogo," nikamwonyesha takwimu za miamala iliyokwama. Walilielewa jibu hilo vizuri kuliko nilivyotarajia.

Mambo ya LUKU, bando kwenye laini mbili na betri iliyojaa sina haja ya kuyaeleza kwa msomaji wa hapa. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, nilikuwa na usaili wiki ileile. Kwa intaneti ya kuvizia niliandika kuomba tusogeze mbele, wakakubali.

Swali la mshahara halina mazoezi mtandaoni. Kabla ya kutaja changu, niliuliza wamepanga kiwango gani kwa nafasi ile. Walikuwa nacho, na kilikuwa juu ya nilichotaka kusema. Lakini uliza pia aina ya mkataba. Wangu ulikuwa wa mkandarasi binafsi, yaani bima ya afya, mchango wa NSSF, kodi ya TRA na siku za kuumwa, vyote juu yangu. Nikapiga hesabu ya hivyo, nikawatumia, nikaomba waongeze kile kiwango. Waliongeza nusu ya nilichoomba, nikasaini.