"KWANGU INAFANYA KAZI, MPENZI": Kauli iliyotaka kuua penzi la Segese na Dar

Watu wanasema mapenzi ya mbali yanauliwa na michepuko. Hawa wawili nusura wauliwe na programu ya kompyuta.

Jamaa ni msimamizi wa karasha huko Segese, Msalala, mkoani Shinyanga, pale wachimbaji wanapoleta mawe ya dhahabu kwenye viroba yasagwe. Mchumba wake yuko Dar, anaandika programu. Ndiye aliyemtengenezea bosi wa jamaa programu ya kuhesabu viroba: nani kaleta, vingapi, anadaiwa shilingi ngapi. Ikawekwa kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo isiyokula umeme mwingi.

Mwanzoni raha tupu. Baadaye ikaanza kujizima kila inapofunga hesabu za usiku, na viroba kadhaa vinapotea kwenye rekodi. Kwenye karasha, kiroba kisichoonekana kina maana moja tu: wizi. Bosi akampa dogo siku tatu.

Akampigia bibie. Jibu? "Mbona kwangu inafanya kazi, mpenzi? Una uhakika hakuna aliyeichezea?" Kwa fundi hilo ni swali la kawaida. Kwa mtu anayeitwa mwizi, lilisikika hivi: hata wewe huniamini. Simu ikakatwa, stetasi za mafumbo zikaanza.

Sasa elewa kitu. Programu nyingi hazibebi kila kitu zenyewe. Zinaazima kazi kwenye mafaili yaliyomo ndani ya mashine, yanaitwa maktaba za pamoja, maana programu kibao zinayatumia kwa pamoja. Ni kama karasha: moja, wachimbaji wengi. Ukibadilisha kifaa kimoja, wanaguswa wote. Kwa hiyo programu inaweza kuwa ileile Dar na Segese, ila inachoegemea si kilekile.

Kesho yake bibie akajishusha, akaomba kuingia kwenye ile mashine kupitia intaneti. Segese ikawashwa gdbserver, inayoishikilia programu wakati inakimbia. Dar akafungua GDB, chombo cha kusaka makosa alichokianzisha Richard Stallman mwaka 1986. Mawasiliano akayapitisha ndani ya SSH, kwa sababu gdbserver haiulizi neno la siri. Ukiiacha wazi, yeyote anajiingilia.

Jaribio la kwanza likaleta vituko. Pale programu ilipozimia, GDB ikaonyesha alama za kuuliza, na majina mengine hayakuwa na mantiki yoyote. Sababu: aliiambia isome nakala za maktaba alizobaki nazo tangu siku ya kuifunga programu. Yaani alikuwa anaikagua mashine ya leo kwa ramani ya zamani.

Tangu toleo la 7.10 la mwaka 2015, GDB inaweza kuvuta maktaba yenyewe kutoka mashine ya mbali, lakini kwa bando la kuungaunga utakesha. Jamaa akayabana mafaili ya mashine yake kwenye furushi moja, akalituma. Bibie akaielekeza GDB huko kwa amri ya set sysroot, akarudia.

Safari hii majina yakakaa sawa. Programu ilikuwa inafia ndani ya maktaba ya kuhifadhi data, siyo kwenye kodi yake. Faili lilikuwa na jina lilelile, ila la ndani tofauti. Mpwa wa bosi aliweka programu ya kupigia muziki, akamwaga na maktaba zake humo humo. Mashine ikaona jina ni lile, ikapakia bila kuuliza.

Faili la zamani likarudishwa, usiku ule hesabu zikafunga. Vile viroba vilivyopotea vikakutwa vyote kwenye daftari la mlinzi wa getini. Bosi hakuomba radhi, alisema tu, "Dogo, endelea na kazi." Mpwa wake hakuguswa.

Bibie ndiye aliyesema samahani: "Nilikuwa nakuangalia kwa nakala yangu, sikuangalia kilichopo kwako." Stetasi za mafumbo zikafutwa siku hiyohiyo.

Haya, wadau: ungekuwa jamaa, ungeendelea kumfanyia kazi bosi aliyekuita mwizi kabla mashine haijakaguliwa? Na "kwangu inafanya kazi" ungeisamehe? Funguka hapo chini.