Mito ya Mchanga ya Ukambani

Msafiri afikaye Kitui au Makueni mwezi wa Septemba, akisimama ukingoni mwa mto Tiva au Thwake, mara nyingi hataona maji. Ataona mchanga mtupu, mpana kama barabara kuu, wenye nyayo za ng'ombe na punda. Huenda akasema kwamba mto huo umekufa. Lakini na atazame vema: wanawake wameinama kwenye visima vifupi vilivyochimbwa mchangani, wakiteka maji maangavu kwa kata na kujaza mitungi ya kubebwa na punda.

Siri ya mito hii ni mchanga wenyewe. Mvua kubwa zinyeshapo vilimani, mafuriko huleta maji na mchanga pamoja. Maji mengi hupita zake. Yale ya Thwake huingia mto Athi, na mwisho wake ni Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Lakini sehemu yake hubaki katikati ya chembe za mchanga, mahali ambapo jua haliwezi kuyakausha upesi. Basi mchanga ni ghala ya maji.

Tangu wakati wa ukoloni, kuta za mawe na saruji zimejengwa Ukambani kukingama mito, zikisimama juu ya mwamba, ili mchanga ujae nyuma yake. Tangu miaka ya 1990, shirika la SASOL na wananchi wa Kitui wamejenga mamia ya kuta hizo, wananchi wakileta mawe na kufanya kazi kwa umoja kama ilivyo desturi ya mwethya.

Adui wa mito hii ni lori. Nairobi ikijengwa hutaka mchanga, na kijana asiye na kazi hupata fedha siku ile ile apakiapo. Ni kweli kwamba fedha hiyo huweza kulipa karo. Lakini mchanga ukichotwa hadi mwambani, mafuriko hupita mbio, kingo humomonyoka na kula mashamba, visima hukauka, na mama wa kijana yule yule hutembea mbali zaidi kutafuta maji.

Mwaka wa 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake. Sheria hiyo ni njema, ila haiwezi kukesha ukingoni kila usiku. Wenye kukesha ni wale ambao mashamba yao yapakana na mto. Mchanga wa lori huuzwa mara moja tu. Mchanga ulioachwa mtoni hupokea maji kila mvua inyeshapo.