Hondohondo wa Amani

Muheza ni mji wa machungwa na joto. Basi la Amani huuacha likipita kati ya minazi na katani, abiria wakijipepea kwa kanga. Baada ya Zigi barabara inaanza kujipinda, injini inanguruma, madirisha yanafungwa moja baada ya jingine. Tulipofika Amani, kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, nilikuwa tayari nimevaa sweta.

Kila mita 100 za kupanda mlima, joto hupungua kwa nusu nyuzi au zaidi kidogo. Na mvua? Upepo wa Bahari ya Hindi ukikutana na milima hii ya Usambara Mashariki hulazimika kupanda, unapoa, unamwaga maji. Nyuma ya safu, kuelekea Mkomazi, ni mibuyu na vichaka vya miiba.

Karibu na kijito, mzee aliyetuongoza aliinama kwenye jiwe lenye unyevunyevu. Majani manene yenye vinyweleo, maua madogo ya zambarau: ndilo ua la Usambara, ambalo Baron Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani mwaka 1892. Vizazi vyake vimejaa madirishani Ulaya. Kwao halikubali kutoka kivulini.

Hadi hapo ungedhani mvua, joto na kivuli vinamaliza hesabu ya mmea upi uote wapi. Ndipo mzee akagonga shina refu, jeupejeupe. “Huu si wa hapa, mwanangu.”

Ulikuwa musizi, mti wa Bukoba, Uganda na Kongo. Wajerumani walioanzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902 walikusanya miti ya kila namna, na musizi ukawa miongoni mwa ile iliyopandwa hapa. Hali ya hewa ya Amani ingeufaa tangu zamani. Ulikosa tu wa kuuleta. Ulipofika, ukapata na mchukuzi: hondohondo, ambaye mabawa yake husikika kabla hujamwona. Humeza tunda, huruka, huangusha mbegu mbali. Kwenye kivuli kizito mche wake haufiki popote. Lakini palipokatwa mbao jua lilifika chini, na musizi hukua upesi kuliko wenyeji wengi.

Nikauliza kwa nini wasiufyeke tu. Mzee akacheka, akaonyesha pengo ulipoangushwa mmoja: miche kibao, mingi ikiwa ya musizi uleule.