Dada, Nisaidie Nipate Unesi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, sihitaji kufungua tovuti ya NECTA ili nijue. Simu yangu inaniambia. Kabla ya giza kuingia nakuwa nimeshatafutwa na binti wa jirani, mdogo wa rafiki yangu, na mtoto wa mwalimu aliyenifundisha msingi, wote na swali moja: dada, nifanyeje nipate unesi? Wenzangu wa uuguzi mnaosoma jarida hili mnanielewa. Wa uhandisi sijui kama na ninyi mnasumbuliwa hivi.

Mwaka huu aliyewahi ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Saa nne usiku akanitumia picha ya matokeo yake: Division IV, Baiolojia C, Fizikia D, Kemia F. Chini kaandika: "Ila usijali dada, kuna kaka hapa anafahamiana na watu wa chuo. Anataka laki tatu tu. Mama ameshampa laki na nusu."

Meseji ilinikuta kimbwetani, tuko kwenye disikasheni, wenzangu wanabishana kuhusu dozi ya magnesiamu kwa mama mwenye kifafa cha mimba. Nikafunga daftari nikaondoka bila kuaga. Huyo kaka namjua. Siyo yeye hasa, wangu alikuwa mwingine, na wangu alitaka laki nne.

Nilimaliza form four Novemba 2016, shule ya kata, wilaya ya Iramba, Singida. Maabara ilikuwepo, kwa maana ya jengo. Ndani kulikuwa na meza, masinki yasiyo na bomba, na kabati ambalo ufunguo wake hatukuwahi kuuona. Pipeti ya kwanza maishani mwangu niliishika siku ya mtihani wenyewe wa vitendo, na nilikuwa natetemeka. Januari matokeo yakaja: Baiolojia C, Fizikia D, Kemia F. Unaona kwa nini meseji ya binamu ilinishtua. Ni kama alikuwa amenitumia cheti changu.

Unesi niliutaka kwa sababu ya nesi mmoja wa zahanati yetu, aliyekaa na mama usiku kucha alipokuwa anajifungua mdogo wetu wa mwisho, na taa yao ilikuwa tochi ya simu. Niliamini kwamba mtu akiutaka unesi kiasi hicho, njia itapatikana tu.

Julai ile baba alikuwa ametoka kuuza alizeti. Akaja kijana mmoja, shati la mikono mirefu, bahasha ya kaki mkononi. Akasema F ya Kemia siyo tatizo, kuna nafasi za watu maalumu, yeye ana mtu ndani. Baba aliishia darasa la saba, kwa hiyo akanigeukia mimi, msomi wa nyumba: "Inawezekana?" Nikamjibu, inawezekana baba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hela yenyewe. Ningesema sijui, angeenda kuuliza kwa mwalimu.

Barua ilikuja kwa WhatsApp, ina muhuri, ina jina langu lote, na ina orodha: sanduku, ndoo mbili, godoro la futi mbili na nusu, saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Baba akanunua vyote. Saa akaichagua mwenyewe.

Tukapandia basi Misigiri, godoro juu, tukashuka mlima Sekenke mimi nikiwa tayari nesi kichwani. Tulifika kwenye mji mmoja wa Kanda ya Ziwa jioni, tukalala gesti, na asubuhi tukawa wa kwanza kwenye foleni ya ofisi ya udahili. Mama aliyekuwa mezani akatafuta jina langu kwenye kompyuta. Akatafuta tena. Akaiomba barua, akaiangalia kidogo tu, akavua miwani.

"Mwanangu, huu muhuri siyo wetu."

Baba akaanza kueleza habari za yule kijana. Yule mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mimi: "Kemia una nini?" Nikasema F. "Basi hata mngelipa milioni, mfumo usingekukubali. Nenda karudie Kemia. Huna haja ya kurudia shule nzima, rudia Kemia." Alitumia kama dakika tano kwetu, na foleni nyuma ilikuwa inalalamika. Ushauri wa bure, na ndio pekee uliokuwa wa kweli tangu matokeo yatoke.

Godoro likarudi Misigiri. Baba alilibeba begani kutoka barabarani mpaka nyumbani, hakusema neno, na mimi nilitembea nyuma yake na zile ndoo.

Sasa nieleze nilichojifunza, maana kuna watu humu chuoni wana wadogo zao, na mdogo wako anakuamini wewe kama baba alivyoniamini mimi.

Kwanza, fomu ya maombi haina kisanduku cha kuandika unavyowapenda wagonjwa. Kwetu hapa hakuna usaili wala insha kwa kozi hii, kuna cheti. Kwa diploma ya Uuguzi na Ukunga, ile ya miaka mitatu, wanataka ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima iwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza zikiwepo zinakusogeza mbele. Unaweza kuwa na A ya Kiswahili, B ya Historia na moyo wa huruma kuliko kijiji kizima, lakini Kemia ikiwa F umebaki nje. Zamani niliona huo ni uonevu. Siku hizi nikiwa wodini napiga hesabu ya matone ya dripu naona kuna mantiki, japo bado nawakumbuka mabinti wawili watatu niliosoma nao ambao wangekuwa manesi wazuri kuliko mimi, na maabara yetu ndiyo iliyowaacha nje.

Kwa hiyo ukiona F moja, usiangalie division, angalia F iko wapi. Watu wanalia na division wakati mlango umefungwa na somo moja. D inaanzia alama 30. Kutoka 22 hadi 30 siyo safari ya kwenda mwezini. Ni miezi kadhaa ya kupiga msuli ukiwa na mtu anayekuonyesha unapokosea.

Mimi nilikuwa nimechelewa, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa mwaka ule ulishafungwa, kwa hiyo nikasubiri mpaka mtihani wa Novemba 2018. Usajili huo hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayepoteza Januari na Februari kumfukuzia mtu wa bahasha anapoteza mwaka mzima. Nilisajili Kemia, na Fizikia pia kwa sababu D yangu ilikuwa nyembamba. Jambo nililouliza kabla ya yote ni kama kituo kina maabara inayofanya kazi. Wengi wanauliza ada na umbali, vitendo wanavisahau, na vitendo ndivyo vilivyokuwa vimeniangusha.

Mwalimu mmoja wa Kemia kule Kiomboi alitukubali watu wanne Jumamosi. Tulimlipa elfu mbili mbili na kumwoshea vyombo vya maabara. Jumamosi tatu nzima tulifanya titresheni tu. Unafungulia bureti tone kwa tone, unatikisa chupa, unangoja ile njano igeuke rangi ya machungwa, na ukizidisha tone moja unaanza upya. Alikuwa hatufundishi nadharia mpya kabisa. "Nadharia mnayo," alisema, "mikono ndiyo hamna." Matokeo yakatoka: Kemia C. Fizikia ilibaki D ile ile, haikusogea hata kidogo.

Nikaomba vyuo 2019, na hapo nikajikwaa mara ya pili, kwa kiburi safari hii. Nilijaza majina makubwa matupu, yale ambayo kila mtu anayajua kwa sababu ya hospitali za rufaa zilizo jirani. Sikuchaguliwa popote. Sifa za chini zinakupa ruhusa ya kuomba tu, baada ya hapo ni ushindani. Mwenye D tatu za sayansi na mwenye B tatu wote "wana sifa", na nafasi zikijaa huanguka wa D. Kila mtu akikimbilia Muhimbili, KCMC na Bugando, wewe mwenye C moja na D mbili unajua utakuwa wa ngapi. Awamu iliyofuata nikaweka chuo kidogo kilicho jirani na hospitali ya wilaya, ambacho hata jina nililisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikachaguliwa.

Na kiukweli, sijutii. Kwenye wodi ya wazazi ya hospitali ile tulikuwa wanafunzi wachache, na wakunga walituachia kazi wakiwa wamesimama pembeni. Nimekutana hapa na wenzangu waliosoma palipojaa, wanafunzi sita kitanda kimoja, wa nyuma anachungulia. Ile saa ya baba yenye mshale wa sekunde nilienda nayo. Bado naivaa.

Siku hizi maombi ya kozi za afya ngazi ya diploma yanapita kwenye mfumo mmoja wa NACTVET, na unachagua chuo na kozi zaidi ya moja. Changanya. Weka ndoto yako moja, weka na unakoweza kupata kweli. Kama ulirudia mtihani, ingiza namba zote mbili, ya shule inayoanza na S na ile ya kujitegemea inayoanza na P, maana wapo wanaosahau ya pili na mfumo unaendelea kuona F. Majina yako yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule. Chuo binafsi kikikupigia simu chenyewe, hakikisha kwanza kama kimesajiliwa na kama kozi yenyewe inatambuliwa, halafu uliza ada yote pamoja na yunifomu na gharama za mafunzo ya hospitali, siyo ile ya muhula wa kwanza tu.

Kwa wanaomaliza kidato cha sita, Kemia na Baiolojia hazikwepeki, na somo la tatu lisome kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka huo huo, siyo wa kaka yako. Tangu 2017 maombi ya shahada yanapelekwa moja kwa moja chuoni. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri ndani ya muda. Nimeona mtu ana ufaulu mzuri kabisa akikosa nafasi kwa sababu alikuwa shambani, simu haina chaji.

Wa diploma wenzangu mnaofikiria shahada, mimi nilidhani diploma inaifuta form four. Haiifuti. Nilipoomba hapa walitaka wastani wa B au GPA ya 3.0 ya diploma, na bado wakarudi kuchungulia cheti changu cha kidato cha nne, Hesabu na Kiingereza zikiwemo. Hesabu yangu ya D, ambayo hakuna aliyewahi kuipongeza, ndiyo iliyonivusha. Kisha kuna AVN, ile namba ya NACTVET ya kuhakiki diploma. Ianze kuitafuta mapema. Yangu ilitoka siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, kwa sababu matokeo yetu yalikuwa hayajapandishwa kwenye mfumo, na kwa wiki mbili hizo nilikuwa nampigia mhasibu, mtaaluma, mlinzi, yeyote aliyepokea simu.

Usiku ule nikampigia binamu. Alikuwa hataki kunisikia. "Dada, wewe uko chuo kikuu, unasahau huku ilivyo." Nikamsimulia godoro. Alikuwa hajui, nyumbani kwetu jambo lile halizungumzwi. Akanyamaza, halafu akauliza: "Mjomba alilibeba mwenyewe?"

Asubuhi nikaongea na shangazi, shikamoo ndefu, habari za kuku, kisha nikamwomba ile laki na nusu iliyobaki asiitoe. Akasema kijana ni mtu wa heshima, anasali. Nikamwambia amwulize swali moja tu: chuo gani, na Kemia ya F inaingiaje kwenye mfumo? Akauliza. Tangu siku hiyo simu ya kijana haipokelewi, na laki na nusu ya kwanza imekwenda nayo.

Iliyobaki imelipia usajili na Jumamosi za maabara. Mwalimu wa Kiomboi bado yupo, ila sasa anatoza elfu tano. Juzi binamu alinitumia picha ya fomu yake, namba inaanza na P. Akauliza kama anunue godoro kabisa, kuna duka limeshusha bei. Nikamwambia anunue daftari.