Jiwe la Mjomba

Leo nina jambo ambalo hata nyumbani sijalisema. Linahusu tufe la bolingi. Nimesema bolingi, sio bolingo ya Wakongo! Ule mchezo wa kuviringisha tufe zito ukaangushe pini kumi kule mwisho.

Mjomba alirudi kutoka Columbus, Ohio, Desemba 2019, baada ya kubeba boksi miaka kumi na minne. Temeke nzima ilijua kuna gari linakuja kwa meli. Siku ya pili akafungua begi, akatoa tufe la bluu, akaliweka mezani taratibu kama yai. Mama akashika kiuno. "Kaka, miaka yote hiyo, unarudi na jiwe?" Basi jina likawa hilo. Jiwe.

Lina uzito wa ratili 15, kama kilo 7 hivi. Matundu yake yalitobolewa kwa vipimo vya mkono wa Mjomba, maana kule mtu anapimwa vidole kama sisi tunavyopimwa suruali kwa fundi. Mimi nikaingiza vyangu, vikakaa bila kubana. Mjomba alicheka sana siku ile. "Vidole vya ukoo hivi."

Tatizo la Jiwe ni kwamba linakunywa. Usinicheke. Matufe ya kuazima pale ukumbini mengi ni ya plastiki ngumu, hayanywi kitu na yanakwenda moja kwa moja. Lakini la Mjomba ni la aina iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 90, ganda lake lina vinyweleo vidogo ambavyo macho hayavioni. Njia ya kuchezea ina mita 18 na kidogo mpaka kwenye pini ya mbele, na sehemu kubwa ya mwanzo inapakwa mafuta. Tufe linateleza kwenye mafuta, likifika pakavu linashika, linakata kona na kuingia kwenye pini kwa ubavu. Hapo ndipo raha ilipo. Sasa kila likipita linabeba mafuta, na mafuta yanazama ndani. Likishiba, halishiki tena. Linapita kama mlevi aliyekosa nyumba yake.

Kwa hiyo Mjomba alikuwa na sheria. Kila ukirusha, likirudi, futa kwa taulo. Ukimaliza kucheza, lifute kwa spiriti hapo hapo lingali na joto, kabla mafuta hayajazama. Usiliache kwenye buti la gari juani, maana kiini na ganda havitanuki sawasawa, litapasuka. Halafu akaniambia kwamba toka Agosti 2019 chama chao cha Marekani, USBC, kilipiga marufuku kutumia kitu chochote cha maji kusafishia tufe mashindano yakiendelea. Taulo kavu tu. Aliisema kwa uzito kama vile sheria ile itavuka bahari na kumkuta sebuleni kwa Mama.

Mwaka 2022 Mjomba akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala. Jiwe likabaki chini ya kitanda chake, nami nikawa naliomba, nakwenda nalo ukumbini na washikaji kujidai. Taulo nilisahau. Spiriti ndiyo usiseme. Nilikuwa natesa, bwana, nani ana habari na spiriti?

Mambo yakaja kukaza mfukoni. Nikapata mteja, jamaa mwenye nazo, akataka kulijaribu kwanza. Akarusha mara tatu, likapita moja kwa moja bila kukata kona hata kidogo. "Hili limekufa," akasema, akakata bei nusu. Nikamwambia anipe wiki, nitalifufua.

Nilijua dawa yake kwa sababu Mjomba alinifundisha. Unaziba matundu kwa selotepu maji yasiingie. Unalitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto, lakini sio ya kuchemka, yasizidi nyuzi 60. Tia sabuni ya kuoshea vyombo kidogo, subiri kama nusu saa, mafuta yenyewe yanapanda juu.

Jumamosi, Mama akiwa sokoni, nikaweka ndoo uani. Sijamaliza hata kubandika selotepu, nikasikia fimbo. Ko, ko, ko. Mjomba huyo. Nikajua nimekwisha, ataniuliza kulikoni.

Hakuuliza. Akavuta kigoda, akakaa, akapitisha kidole cha mkono wa kushoto juu ya ganda, akakinusa. "Limekunywa hili. Umelitesa." Akajaribu maji kwa mkono ule ule. "Moto mno. Ongeza ya baridi."

Nikaongeza. Tukakaa pale nusu saa, mafuta yakaanza kutanda juu ya maji kama mchuzi wa nyama ya nundu. Mjomba akayaangalia akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ule unaofanya kazi. Akaanza kunihadithia Jumapili za Columbus, jinsi wiki nzima ghalani alivyoitwa kwa namba, lakini jioni ile kwenye ubao wa matokeo lilitokea jina lake. "Ile ndiyo siku niliyokuwa mtu," akasema. Nilikuwa sijawahi kuisikia hiyo. Nilidhani ni mchezo tu.

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa yule jamaa.

"Pokea basi," Mjomba akasema.

Nikamwambia sio muhimu. Nikatoa Jiwe kwenye ndoo, nikampa taulo. Akaliweka mapajani, akaanza kulifuta kwa mkono wa kushoto, polepole, na lilipotaka kumponyoka nikalishika upande wa pili.

Mteja amepiga mara nne wiki hii. Na kodi ya chumba changu ni tarehe 5.