Nikawaandikia "Guys"

Ni mwaka wa pili sasa tangu niache chuo, lakini bado niko kwa grupu la WhatsApp la darasa letu. Sikutoka, na hakuna aliyenitoa. Nilibaki tu mle kimya, nikisoma notisi za mitihani isiyonihusu.

Mwezi uliopita baba alilazwa hapa Nyeri. Bili ikapanda, nikaona lazima niombe mchango. Nikakaa kwa steji ya matatu za Karatina, nikafungua lile grupu, nikakwama kwa neno la kwanza.

Chuoni hilo si swali. Kila mtu ni "comrade". Duniani ni neno la wasoshalisti, ila Kenya ni la wanafunzi wa chuo: utalisikia kwenye mgomo, kwenye kampeni za viongozi wa wanafunzi, hata jirani akikukopa mia ya chakula cha jioni. Karo ikikosekana, hakuna anayekuandikia barua kukunyang'anya neno hilo. Unalitafuta tu siku moja, unaona aibu kulitumia.

"Good people"? Hiyo ni ya mweka hazina wa kamati ya mazishi, na baba yangu bado alikuwa anapumua. "Fam"? Familia gani hujaisalimia miaka miwili? Mama angesema "andu aitu", watu wetu. Lakini kwa grupu lile kuna Mkamba, Mluhya na Msomali. Ningewafungia mlango kabla sijawaomba kitu.

Ikabaki "guys". Wako wasichana hawalipendi, wanauliza kwani wao ni wanaume. Mimi nimeitwa hivyo tangu shule ya msingi, na sijawahi kugeuka kuangalia kama kuna mwanaume nyuma yangu.

Neno lenyewe limetoka mbali. Guy Fawkes alikamatwa London mwaka 1605 na baruti chini ya bunge, akauawa 1606. Waingereza wakazoea kuchoma sanamu yake kila tarehe 5 Novemba, na sanamu ikaitwa "guy". Baadaye likawa jina la mtu aliyevaa vituko, kisha la mwanaume yeyote, na kule Marekani likaishia kuita kundi zima, wanawake wakiwemo.

Muasi wetu, Dedan Kimathi, alihukumiwa mjini humu humu 1956, akanyongwa Kamiti 1957. Jina lake liko kwa barabara, na tunalitamka kwa heshima. La Fawkes limechakaa hadi likawa la kila mtu. Siku ile nilihitaji neno lililochakaa, neno lisiloniuliza kama nina kitambulisho cha mwanafunzi.

Nikaandika: "Guys, baba yangu ni mgonjwa." Nikatuma, nikarudisha simu mfukoni kabla sijaona alama za buluu.

Wa kwanza kujibu ni dem tuliyekuwa tunakaa naye nyuma darasani. "Kwani uliacha? Nilidhani ulibadilisha kozi tu."

Hilo liliniuma kuliko bili. Miaka miwili, na hakuna aliyejua.

Dakika moja baadaye akaandika tena: "Tuma namba, comrade."

Nilituma. Matatu mbili zilijaa zikaondoka, nami bado niko pale, nalisoma neno moja.